Dakika Moja na Sekunde Hamsini na Mbili

Rafiki yangu, ungenikuta pale mtaa wa Murara asubuhi ile ungecheka mpaka ushike mbavu. Mama mzima mwenye wajukuu wawili, nimekaa kwenye kigoda mbele ya meza ya fundi saa, nimeshika kalamu ya risasi, nachora duara kwenye karatasi na kuweka alama pale mshale mrefu wa saa uliposimama. Kazi hiyo alinipa fundi mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimemchosha. Nilikuwa nimemwambia abadilishe kioo kilichopasuka, asugue kutu, atengeneze chochote anachoona kimekufa, ila ule mshale mrefu asiuguse.

"Mama, hiyo mushale itatoka tu," alinijibu. "Siwezi kusafisha mashini na yenyewe iko juu. Tuandike pale iko, nitairudisha pale pale."

Fundi huyo ni muzee, na nadhani ni mmoja wa wa mwisho hapa Goma. Vijana waliomzunguka wote wanatengeneza simu. Yeye hafungui saa ya mtu kama mwenyewe hayupo. Mafundi wa zamani walisingiziwa mno kwamba wanaiba vyuma vizuri na kurudisha vibovu, basi wakajiwekea desturi: mwenye saa anakaa mbele, kila kipande kinalazwa juu ya karatasi nyeupe, na macho ya wawili yanashuhudia. Kama si desturi hiyo ningeiacha saa nikaenda sokoni, nikarudi kuichukua, nikaendelea na maisha yangu nikiwa mjinga mwenye furaha.

Saa yenyewe ilikuwa ya baba yangu. Sisi watoto tuliiita krono. Ubavuni ilikuwa na vitufe viwili. Ukibonyeza cha juu, ule mshale mrefu mwembamba unaanza kukimbia. Ukikibonyeza tena, unasimama. Ukibonyeza cha chini, unaruka kurudi kwenye sifuri. Ndani yake mlikuwa na kiduara kidogo cha kuhesabu dakika. Kwa zaidi ya miaka thelathini ule mshale umesimama kwenye hamsini na mbili, na kile kidogo kwenye moja. Dakika moja na sekunde hamsini na mbili: ndizo mbio zangu za mwisho mbele ya baba, na niliamini krono ameisimamisha yeye, kwa kidole chake mwenyewe. Sikuwahi kugusa vitufe. Niliogopa namba ikimbie.

Baba alikuwa mwalimu wa mazoezi kwenye shule moja njia ya Munigi. Krono alipewa na padri mzee aliyekuwa anarudi kwao, na tangu siku hiyo nyumba yetu haikupumua. Alipima kila kitu. Alipima sisi watoto kwenda ziwani na bidon za maji na kurudi, akisimama mlangoni kama askari wa mpakani. Alipima sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, zikikaangwa, mafuta yanaruka, harufu inatuua kwa njaa, naye anasema bado sekunde ishirini. Siku moja alijaribu kupima maharage. Mama alimwachia jiko la makala, ndiyo mkaa, na mwiko, akamwambia maharage hayajawahi kusoma shule. Jioni hiyo tulikula maharage magumu kama changarawe za lava ya volkano, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa mama.

Alikuwa na msemo wake: saa haina ndugu. Nikichelewa kuamka, saa haina ndugu. Nikilia kwamba jiwe limenikwaza ndiyo maana nimechelewa, saa haina ndugu. Na kweli mimi ndiye niliyekuwa nakimbia kuliko watoto wake wote, hata kuliko kaka zangu, jambo lililowauma sana. Tulikuwa tunazunguka shule nzima mara moja, juu ya mawe meusi yale yanayokula viatu, kwa hiyo nilikimbia bila viatu. Muda wangu mzuri ulikuwa dakika mbili na sekunde nne. Baba aliniahidi: ukishuka chini ya dakika mbili, nitakupandisha boti, uende ukakimbie Bukavu mbele ya ndugu zetu. Bukavu ndiko kwetu, na mimi nilikuwa sijapanda boti hata mara moja. Ahadi hiyo niliilalia na kuiamkia.

Nilikuwa na miaka kumi na moja siku aliponiita baada ya shule, sisi wawili tu. Alibonyeza, nikatoka. Nakumbuka moshi wa makala kutoka nyumba za jirani, mama mmoja anatwanga, mbuzi aliyeniziba njia kwenye kona ya mwisho nikamruka. Nilijua nimekimbia vizuri, mwili ulikuwa unaniambia. Nilipofika kwenye jiwe letu la kuanzia na kumalizia, baba alikuwa ameketi chini, kidevu kifuani, krono mkononi.

"Papa, ngapi?" nikamwuliza.

Hakunijibu. Nilidhani ananitania, maana alikuwa na tabia ya kuficha saa nyuma ya mgongo ili nimbembeleze. Nikacheka, nikamvuta mkono. Sitakueleza zaidi, wewe mwenyewe umewahi kuvuta mkono wa mtu au siku moja utauvuta.

Kutoka hospitali walirudisha nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki, na krono ndani ya kiatu. Matanga yakajaa nyumbani: hema, mabenchi ya parokia, masufuria makubwa ya foufou, ugali wetu wa muhogo, nyimbo ambazo mpaka leo zikipigwa nabadilisha njia. Baba mkubwa, yaani kaka yake baba, alikuja kwa boti kutoka Bukavu pamoja na wadogo zake. Alilia sana kwenye mazishi, nisimsingizie. Kesho yake baada ya mazishi akaomba daftari.

Kama hujui mambo ya kwetu, nikueleze kidogo. Mwanaume akifa, upande wake unakuja kuandika vitu vyake: baiskeli, redio, makoti, na kila kitu ambacho mke alidhani ni cha nyumba. Niliposikia neno daftari nikaingia chumbani, nikafungua ule mfuko, nikaitoa krono. Ndipo nilipoona. Moja, hamsini na mbili. Chini ya dakika mbili! Mungu anisamehe, rafiki yangu, baba yangu ana siku moja tu kaburini na mimi moyo uliruka kwa furaha. Nikaona kwamba hiyo ndiyo barua aliyoniachia, na baba mkubwa atakuja kuibonyeza, mshale urudi kwenye sifuri, barua ifutike. Chini ya kitanda palikuwa na ndoo ya unga wa muhogo. Nikaisukuma krono mpaka chini kabisa, bila kuifunga hata na kitambaa, nikasawazisha unga kwa kiganja kama mtu anayefukia mbegu.

Waliandika vyote, kisha baba mkubwa akauliza saa ya ndugu yake iko wapi. Padri aliyeitoa alijulikana hata Bukavu, na saa yenyewe ilikuwa sifa ya ukoo mzima. Mama, aliyekuwa ameketi chini na kitambaa cha wafiwa kichwani, akasema ilikuwa kwenye kiatu. Wakaangalia kwenye kiatu.

"Shemeji, sijui," mama alisema. "Ilikuwa pale asubuhi."

"Bwana yako hajaoza na umeshamwibia?" baba mkubwa akamwuliza.

Mama aliomba Biblia iletwe. Akaapa mbele ya watu wote, mkono umetulia kabisa, kwa kuwa alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni, vidole vyangu bado vina unga kwenye kucha. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili tu, iko hapa. Sikuyasema. Nilijiambia nitayasema kesho, kisha baada ya matanga, kisha wakishaondoka. Wakaondoka na cherehani ya mama pamoja na vile vingine, cherehani aliyokuja nayo kwenye ndoa, wakisema inalipa saa. Kabla ya kuondoka, siku ya kutoa matanga, baba mkubwa alitangaza kwamba mwizi hawezi kubaki kwenye nyumba ya ndugu yake. Tukahamia Mugunga, chumba kimoja, wakati ule Mugunga bado ni mashamba na watu wa mjini wakituuliza kama kule kuna simba.

Kule mama akawa anauza mandazi kando ya barabara ya Sake. Moshi ulimharibu macho. Jina la mwizi lilimfuata, kwa sababu Bukavu na Goma ni ziwa moja na maneno husafiri kwa boti bila tiketi. Kwenye kilio chochote cha ukoo, akiingia, wanawake walikuwa wanasogeza mikoba yao. Mimi krono yangu nilikuwa nayo, nimeishona ndani ya mto wa kulalia. Kila nilipotaka kusema, nilipapasa mto, nikakumbuka kwamba mle ndani baba bado ananipongeza. Mtoto anaweza kulalia uovu mkubwa na akalala vizuri, usidanganywe na wanaosema watoto ni malaika. Nilipokuwa mkubwa sikuwa tena na kisingizio cha utoto, nikatafuta vingine. Mama alifariki miaka sita iliyopita, na sikuwa nimesema.

Sasa turudi Murara. Fundi alifungua mgongo wa saa, akavaa kioo chake jichoni, akaanza kucheka.

"Mama, hapa ndani iko bunga. Mulikuwa munapika saa?"

Unga ule ulikuwa umepita kwenye matundu ya vitufe, ukashika mafuta ya mashine, ukawa mgumu kama ugali wa juzi. Fundi alikuwa anaulainisha kwa esansi, yaani petroli, na burashi, polepole, akiimba puani. Nilifurahi kuona vyuma vinang'aa kimoja baada ya kingine. Kisha akaacha kuimba. Akasogeza taa, akaniita nisogee, akanipa kile kioo cha jicho nikishike mwenyewe.

"Angalia hii roda ya meno na ile ingine. Mutu akifinya buto ya kusimamisha krono, zinaachana. Hizi bado zinashikana."

"Maana yake nini, muzee?"

"Hakuna mutu alisimamisha hii krono. Ilianzishwa tu. Ikatembea, ikazunguka mara mingi, mpaka nguvu ya saa ikaisha."

"Na ile namba tuliandika?"

"Ile ni pale tu saa ilichoka, mama. Haiko namba ya mutu."

Nikamwuliza kama ana hakika. Hakukasirika. Alichukua koleo yake ndogo, akanionyesha mara tatu, taratibu, jinsi meno ya chuma kimoja yalivyouma meno ya kingine. Kwa hiyo baba alikuwa amekwisha ondoka nikiwa bado nakimbia. Labda kabla ya kona ya kwanza, labda namruka mbuzi. Krono iliendelea peke yake, ndani ya gari, hospitalini, ndani ya kiatu, na ikakatika usiku fulani mahali popote ilipotaka. Hakuna aliyenipima. Mimi nilimpa mama yangu jina la mwizi kwa ajili ya namba isiyokuwa ya mtu.

Watu husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Waseme wao. Shule ile lava iliipitia, jiwe letu liko chini ya mawe mengine na juu yake kuna nyumba za mbao za watu nisiowajua. Baba mkubwa amekufa. Hakuna hata mtu mmoja aliyebaki ambaye ningeweza kumwendea nikamwambia mama hakuiba, na akajali.

Fundi alikuwa ananiuliza arudishe mshale kwenye alama yangu au kwenye sifuri, na mimi nilikuwa simsikii. Nilikuwa nimekumbuka jioni moja Mugunga, mwaka wetu wa kwanza kule. Mama anatwanga sombe, mimi nachambua majani yake ya muhogo, na kwa kujisifu tu nikamwambia kwamba mbio zile za mwisho nilipata dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Mchi ulisimama hewani. Baba hakuwa amenena neno tangu mbio zile, na mama alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Namba hiyo isingeweza kutoka popote isipokuwa kwenye saa. Hakuniuliza nimeijuaje. Alisema, "Ulikimbia muzuri, mwanangu," akaendelea kutwanga.

Hilo lilikuwa miaka tisa kabla ya harusi yangu. Siku ya harusi baba mkubwa alikuja kwa boti, akakaa mbele kama mzazi, na mama alipomletea sahani kwa mikono miwili aligeuza uso, akasema mbele ya wakwe zangu kwamba hali chakula cha mwizi. Mama alisimama pale na sahani. Alinitazama mimi, nimevaa nyeupe, nikainamisha macho. Akasema, "Samahani, shemeji," akairudisha jikoni.