Jumatano ya Ukaguzi

Nilisoma ukubwani. Nilikaa dawati moja na watoto wa rika la kifungua mimba wangu, nikapata cheti cha ualimu nikiwa na miaka thelathini na minane. Aliyenisomesha ni mume wangu, kwa kazi yake ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Rwamgasa. Kwa hiyo niliapa kwamba hakuna mtu atakayenikuta darasani bila andalio la somo. Kila Jumapili baada ya ibada niliandaa masomo ya wiki nzima, na wiki yenye shughuli nyingi haikuwahi kunishinda.

"Mungu mwenyewe siku ya saba alipumzika," mume wangu alikuwa akinitania. "Wewe unafundisha karatasi."

Jumapili ya wiki ya sita ya muhula wa kwanza, miaka minne iliyopita, hakutania. Vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kifuani, na kikohozi kilimkatiza kila alipotaka kusema. Tulikubaliana kwamba Jumatano nimsindikize hospitali, Geita mjini. Masomo ya siku hiyo niliyaandaa kwa uangalifu kuliko mengine yote, ili mwenzangu ayafundishe bila kuniuliza lolote.

Jumanne saa nane mchana mwalimu mkuu alitutangazia kwamba wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wangefika kesho yake. Kisha akaniita pembeni.

"Mama, wewe nenda na mgonjwa wako. Darasa lako nitalishika mimi."

Angelishika, lakini faili langu la maandalio lingesifiwa mikononi mwa mtu mwingine. Ndivyo nilivyowaza, na sijawahi kumwambia mtu. Nilimjibu kwamba nitakuwepo.

Nyumbani nilimweleza mume wangu kuhusu ukaguzi huku nikitazama sufuria. Alikohoa kwanza, kisha akasema, "Baki, mwalimu. Njia ya Geita naijua. Ningekuwa mgeni ningekuomba unichoree ramani."

Jumatano asubuhi aliondoka na mdogo wake. Nami nilifundisha hesabu za sehemu, nikikata kiazi kitamu vipande vinne mbele ya darasa. Mthibiti, mwanamke wa umri wangu, alilifunua faili ukurasa kwa ukurasa, akasema hajaona maandalio kama hayo wilayani. Kwenye safu ya maoni, ambayo hujazwa baada ya kipindi, niliandika: somo limefanikiwa. Saa tisa shemeji alipiga simu. Mgonjwa alikuwa amelazwa.

Alhamisi saa tano asubuhi nilifika wodini. Alikuwa amevalishwa barakoa ya oksijeni na hakuweza kusema. Alinitazama kwa muda, kisha akapitisha kidole hewani kama mtu anayeandika, akanyanyua nyusi. Shemeji hakuelewa. Mimi nilielewa: alikuwa akiuliza ukaguzi ulikwendaje.

"Wamelisifu faili," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa mara moja, akafumba macho.

Nilikuwa na mengine ya kumwambia. Kwanza kwamba mwalimu mkuu alikuwa ameniruhusu. Pili kwamba nilibaki kwa kupenda kwangu. Tatu, nimwombe msamaha. Niliona amechoka, nikayaahirisha hadi atakapoamka, na nilipokuwa nimekaa pale niliyapanga upya, lipi litangulie, lipi lifuate, hata nikachagua maneno.

Hakuamka. Saa kumi na dakika ishirini muuguzi alimvua barakoa, nami nilikuwa tayari.