Mlinzi wa Goli Kutoka Gesima

Nyamoita alifika Jinja mwaka wa 1963, bintiye Mokeira mgongoni na kikapu cha wimbi kichwani. Mpaka siku hiyo hakujua kwamba kuna mahali ambapo mwanamke anaweza kumaliza kazi zake zote kabla ya saa nne asubuhi. Mumewe, Thadeus Ombui, alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha nguo upande ule wa Uganda tangu mwaka uliotangulia. Alikuwa amepewa chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, chenye sakafu ya saruji na bati juu, na mfereji wa maji uani.

Kwao Gesima, nchi ya Wakisii huko Kenya, siku haikuwahi kumtosha. Alikuwa akiteremka mtoni kukiwa bado na ukungu, halafu shamba la wimbi, halafu kuni, mboga, jiko, na mtoto kati ya hayo yote. Jinja maji yalikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, na mkaa uliletwa na mtu wa baiskeli. Shamba halikuwapo. Nyamoita alifagia chumba, akafua, akainjika maharagwe, na alipotoka nje kutazama jua akaona halijavuka hata paa la jirani. Akarudi ndani akafagia tena.

Mwezi wa kwanza alidhani ni mgonjwa. Alimwambia mumewe kwamba mikono inamuuma kwa kukosa cha kushika. Thadeus, ambaye alishinda kiwandani akisimamia mashine za kufuma, akamwambia apumzike sasa amepata nafasi. Yeye hakuona lililokuwa likimsumbua mkewe. Nyamoita akachukua jembe, akalima ukanda mwembamba kando ya reli na kupanda mboga. Askari wa reli wakaja wakazing'oa zikiwa na majani manne tu. Akapanda tena. Safari ya pili waling'oa mboga na kuondoka na jembe.

Jambo hilo la jembe ndilo lililomleta Nabirye. Huyu alikuwa jirani wa mlango wa tatu, Msoga mwenye mwili na maneno mengi, mke wa dereva wa lori la pamba. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akamwambia Nyamoita ambebe mtoto wafuatane.

"Twende wapi?" Nyamoita akauliza.

"Kucheza."

Nyamoita alifikiri amesikia vibaya. Kiswahili chake kilikuwa cha wiki chache, kile cha bombani na dukani, na neno kucheza alilijua kuwa la watoto. Akajibu kwamba yeye ni mke wa mtu. Nabirye akasema hata yeye ni mke wa mtu, na mtu huyo yuko njiani na pamba, na atakaporudi atamkuta palepale alipomwacha.

Nyuma ya ukumbi wa wafanyakazi palikuwa na uwanja wa udongo mwekundu, na milingoti miwili yenye pete za chuma juu. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wakirushiana mpira. Walitoka kila upande: Wasoga, Waganda, Waluo, Walugbara, na Mnyarwanda mmoja aliyekuwa mjamzito na akacheza vilevile. Mwanamke mmoja wa ofisi ya ustawi, mwenye filimbi shingoni, alimtazama Nyamoita kuanzia miguuni mpaka kichwani, maana alikuwa mrefu, kisha akamsimamisha chini ya pete na kumwambia asiruhusu mpira upite. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya netiboli aliyofundishwa. Ya pili ni kwamba mtu hatembei na mpira mkononi; akiupata, anasimama na kutafuta mwenzake.

Siku ile mpira ulimpita mara tisa, na mara moja ulimpiga puani. Usiku mabega yalimuuma, maumivu ya namna aliyoyazoea tangu akiwa msichana, na akalala bila kugeuka. Kesho yake alimaliza kazi kabla ya saa tatu, akaketi kizingitini kumngojea Nabirye.

Alicheza miaka saba. Katikati ya miaka hiyo alizaa watoto wawili wa kiume, na kila mara alirudi uwanjani mtoto akiwa na miezi mitano, akimlaza juu ya kanga kivulini pamoja na watoto wa wengine. Jumamosi hakucheza kamwe, kwa kuwa yeye na mumewe walikuwa Wasabato, na wenzake wakaishia kupanga mechi zao Jumapili alasiri kwa sababu yake. Kiswahili alijifunzia hapo uwanjani, na kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha: leta, rudi nyuma, mbane huyo, usiogope.

Thadeus alichelewa kuja kutazama. Alipokuja, ilikuwa mechi dhidi ya wanawake wa nyumba za bandarini, naye akasimama nyuma ya wanaume wengine, karibu na ukuta. Alimwona mkewe akiruka na kuushika mpira kwa mikono miwili juu ya vichwa vya wote, kisha akitulia nao kana kwamba ana siku nzima ya kuamua pa kuutupa. Mwanamume aliyekuwa kando yake akauliza yule mrefu ni wa nani.

"Ni wangu," Thadeus akasema, na akasogea mbele.

Tangu hapo hakukosa mechi. Nyumbani usiku alimweleza Nyamoita makosa ya wenzake, akayachora kwa mkaa sakafuni, na Nyamoita akayafuta asubuhi akifagia.

Mwishoni mwa mwaka wa 1970 serikali ya huko ilitangaza kwamba Wakenya wa kazi za kawaida waondoke. Thadeus alipewa barua Jumatatu, na Alhamisi walikuwa kituoni na vitanda viwili, masufuria, blanketi na watoto watatu. Wanawake wa uwanjani walikuja kuwasindikiza. Nabirye hakusema mengi siku ile. Alimfunga Nyamoita kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akakikaza, akaondoka kabla gari la moshi halijapiga honi.

Gesima waliipata imebadilika rangi. Mahali pa wimbi na mahindi palikuwa pamejaa chai, kijani kimoja kuanzia mlimani hadi bondeni. Machogu, kaka yake Thadeus, alikuwa amewapandia sehemu yao, na Nyamoita akashika kikapu siku ya pili tu baada ya kufika. Zile saa tupu za Jinja zilikwisha. Alichuma chai asubuhi, akapalilia mchana, akamhudumia mama mkwe wake, Bitutu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Aliona haya hata kumwambia mtu kwamba kuna kitu anakikosa, maana kitu chenyewe kilikuwa mpira.

Lakini palikuwa na lori. Wakulima walitakiwa kufikisha majani kituoni saa nane, yapimwe na karani, kisha walingoje lori la kiwandani liyachukue. Lori lilikuja saa kumi, au kumi na mbili, na wakati wa mvua, barabara ikiwa tope, hata baada ya giza. Mtu hakuweza kuondoka, kwa sababu ikiwa karani atayakataa majani yaliyopata joto, mwenyewe awepo. Wanaume waliupitisha muda huo wakizungumza chini ya paa. Wanawake waliketi kwenye nyasi na kungoja tu.

Siku moja ya mwaka wa 1971 Nyamoita alisokota mpira kwa maganda makavu ya migomba, kama wanavyofanya watoto, akaukaza kwa kamba. Alichukua kikapu kilichotoboka chini, akakifunga kwenye shina la mkaratusi pale kituoni, juu kidogo ya kichwa chake. Kisha akamrushia mpira Nyasani, jirani yake, ambaye aliudaka kwa kushtuka.

"Sasa usitembee nao," Nyamoita akamwambia. "Simama, tafuta mtu."

Wiki ile walikuwa wanne. Mwezi uliofuata walikuwa kumi na mmoja. Mpira wa maganda haukudunda, na mvua ikinyesha ulikuwa mzito kama mtoto, lakini walicheza. Wanaume waliokuwa chini ya paa walitazama, wengine wakicheka, na karani alisahau mara moja kuandika kilo za mtu.

Halafu ikatokea siku ya Mzee Ondieki. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu baba yake Thadeus, na kwa hiyo kwa Nyamoita alikuwa baba mkwe. Wakisii wana heshima wanayoiita chinsoni, na kati ya mwanamke na baba mkwe ni kali: haketi karibu naye, hakimbii mbele yake, hainui mikono juu akimwona. Kwa kawaida Mzee Ondieki alimtuma mjukuu kuleta majani. Siku hiyo alikuja mwenyewe. Alitokea kwenye kona na kikapu mgongoni wakati ule ule Nyamoita alipokuwa angani, mikono yote miwili juu, nguo imepanda magotini. Mzee alisimama. Kisha akageuka, na kikapu chake kikiwa kimejaa, akarudi alikotoka. Majani yake hayakupimwa siku ile.

Nyamoita aliuweka mpira chini, akaenda kuketi kando ya kikapu chake, na hakuinua macho mpaka lori lilipofika.

Habari ilimfikia Machogu kabla ya jua kutua, na Machogu akaja kwa Thadeus akiwa amekasirika. Alisema mzee ameaibishwa mbele ya watu na amepoteza majani ya siku nzima, na kwamba kama hivyo ndivyo wanavyoishi Uganda, basi wangebaki huko. Thadeus alimsindikiza ndugu yake hadi njiani. Kisha akamngojea mkewe mpaka watoto walipokwisha kula.

"Uache ule mchezo," akasema.

Nyamoita alikuwa akisugua sufuria. "Jinja ulikuwa unasimama mbele ya watu wote."

"Jinja tulikuwa wageni. Hapa ni kwetu."

Hakugombana naye. Kikapu kilichotoboka kilifunguliwa mkaratusini, mpira ukaachwa ukafumuka kwa mvua. Nyasani na wenzake walijaribu siku mbili bila Nyamoita, wakashindwa kukubaliana nani amekosea, wakaacha. Nyamoita alirudi kuketi kwenye nyasi. Alifanya kazi zake zote, hakumnyima mumewe chakula wala jibu, lakini majibu yakawa mafupi. Bitutu, ambaye macho hayakumsaidia sana ila masikio yalikuwa mazima, alimwambia mwanawe kwamba nyumba yake imekuwa kimya kama ya watu waliofiwa.

Thadeus mwenyewe hakuwa na raha. Tangu warudi hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye habari za mashine za kufuma. Aliyajua mambo ambayo hayakuwa na kazi Gesima, na mtu pekee aliyewahi kuyaona pamoja naye alikuwa amenyamaza. Alivumilia miezi minne. Kisha akaenda kwa Mzee Ondieki kuomba radhi, kwa kuwa hakuwa ameenda tangu siku ile, na aibu ya kutokwenda ilikuwa imeota juu ya ile ya kwanza.

Alimkuta mzee akitengeneza ua. Thadeus akaeleza alilojia, kwa mzunguko mrefu, na mwisho akasema kwamba mkewe ameshakatazwa.

Mzee Ondieki akaacha kazi. "Amekatazwa na nani?"

"Na mimi, baba. Kwa sababu uligeuka ukarudi."

"Niligeuka ili aendelee," mzee akasema. "Ningepita pale, ingembidi asimame na kuinama. Nikasema, watu wanacheza vizuri, mimi mzee nitapita saa nyingine." Akamgeukia Thadeus. "Wewe ulidhani nimekasirika, na hukuja kuuliza."

Mzee aliuliza kama majani yale hupimwa hata asubuhi. Thadeus akasema karani huwapo kuanzia saa tano. Basi, mzee akasema, siku za mchezo yeye ataleta yake saa tano, amwachie mjukuu ayalinde hadi lori lije, na wazee wenzake atawaambia. Akaongeza kwamba hata hivyo kucheza njiani si vizuri, na nyuma ya kituo, upande wa kijito, ana kipande kilicholala bure kwa sababu ya mawe. Mwenye kuyaondoa mawe akitumie.

Thadeus aliyaondoa mwenyewe kwa siku tatu. Siku ya nne alikata mkaratusi, akauchonga, akaubeba begani na kupita nao mbele ya nyumba ya Machogu saa ya watu kwenda sokoni. Machogu akamuuliza anakwenda kujenga nini.

"Ni wa Nyamoita," akajibu, na hakupunguza mwendo.

Nyamoita aliletewa habari na Nyasani akiwa shambani, lakini hakwenda mpaka alipomaliza mstari aliokuwa akiuchuma. Alimkuta mumewe akishindilia udongo kwa mguu, jasho likimtoka, na pete ya pipa la kale ikiwa juu. Akaitazama pete. Akamwambia iko chini mno, Jinja ilikuwa juu zaidi kwa kiganja kizima.

"Nitaipandisha," Thadeus akasema.

"Ipandishe."

Walicheza pale Jumanne na Alhamisi kwa miaka mingi, na Thadeus ndiye aliyepuliza filimbi, akiwa na sauti ya kulalamika ambayo wanawake waliiga nyuma yake. Waume wawili waliwazuia wake zao kabisa, na Machogu hakuwahi kukanyaga pale. Mpira wa ngozi walinunua mwaka wa 1974, kwa kuchangishana kidogo kidogo.

Mwaka uliofuata waalimu wanawake wa Nyamira walisikia habari zao, wakawaalika Jumapili moja. Waalimu hao walivaa sketi za kufanana na viatu vya mpira. Wanawake wa Gesima walicheza miguu mitupu na wakafungwa ishirini na moja kwa sita. Nyamoita, aliyekuwa karibu na miaka thelathini na mitano, alizuia mipira mingi kuliko iliyompita. Waalimu waliwapa chai na mkate, kisha wanawake wa Gesima wakaanza safari ya kurudi kwa miguu, Thadeus mbele na filimbi shingoni. Njia nzima mpaka giza lilipoingia walibishana juu ya goli la kumi na nne, ambalo Nyasani alishikilia kwamba halikupita kwenye pete.