Kiungo cha Mpira wa Baiskeli

Mtu akianza kuniulizia waya wa kushusha shimoni, namkatiza kabla hajamaliza. Usiniletee ule mweupe wa nyumbani; kule chini joto huulegeza na unyevu ukaingia. Nataka mweusi, mnene, wenye ganda la mpira, na uwe mmoja mzima kutoka kwenye jenereta hadi kwenye pampu. Chini ya ardhi hakuna kuunga. Hapa mtaani Kimanga nimewafokea wengi kwa hilo.

Lakini mganga hajigangi. Mdogo wangu alipoingia kuchimba dhahabu milimani, wenzake waliniita niwafungie pampu. Nilipima kina, nikashuka mjini hadi mtaa wa Kavimvira, nikabishana na muuzaji mpaka akatoa waya niliotaka. Niliporudi wiki iliyofuata, walikuwa wameendelea kuchimba. Waya ukapungua hatua nne. Maji yalikuwa yamewafika magotini, na wote wananitazama mimi. Nikaunga kipande, nikakizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, maana huku hakuna kisichofungwa nao, kuanzia mabomba hadi viti. Nikamwambia mdogo wangu ni kwa siku mbili tu. Pampu ikavuta, wakanipigia makofi.

Nyumbani sikukalika. Nilifungua pasi ya jirani niitengeneze, nikaiacha mezani. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Simu ya mdogo wangu haishiki kule juu.

"Weye uko na nini?" mke wangu akauliza. "Kaa basi!"

Hofu ndiyo niliyokuwa nayo. Mpira ule huzuia mvua, ila mvuke wa shimoni hupenya chini yake ukabaki humo. Nilijua hata wakati nafunga. Siku ya tatu nikanunua waya mwingine, mrefu kupita kiasi, nikapanda mlima bila kupumzika.

Nilimkuta amekaa mdomoni mwa shimo, mkono wa kulia ameukunja kifuani. Nikamuuliza habari ya pampu.

"Iko inavuta, yaya," akajibu; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Ila pale ulifunga iko inapiga umeme. Ilinipiga siku ya kwanza."

"Na wenzako?"

"Hapana. Ile pampu minye peke yangu nasogezaka. Niliwakataza kuigusa."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Wangesema yaya hajui kazi."

Nikazima jenereta. Kisha nikaushika ule mkono, nikajaribu kuufungua. Vidole viwili vilivyoungua havikunyooka.