Mke wa Kupanda na Kuvuna

Siku Jang alipomwona Niang kwa mara ya kwanza, Niang alikuwa ameishika pembe yake isianguke. Ni ile pembe ya fedha ya kichwani, pana kama mabawa ya korongo, ambayo wasichana wa Oulu huivaa sikukuu ya wali wa akina dada, mwezi wa tatu, mbegu zikiwa zimeshamwagwa kitaluni na mikono ya watu imepata nafasi. Pembe ilikuwa ya dada yake mkubwa, na dada yake alikuwa na kichwa kikubwa. Basi wenzake walipoizunguka ngoma wameshusha mikono yote miwili kwa adabu, yeye alizunguka mkono mmoja uko juu, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji, na kwa mkono wa pili anakula bonge la wali. Jang akacheka. Hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu, kwa hiyo akajificha nyuma ya binamu yake Xong.

Nyuma ya Xong ndipo mahali pake pa siku zote. Milimani huko kijana humpata mke kwa koo lake: wavulana husimama upande huu wa mto, wasichana upande ule, wakajibizana kwa nyimbo mpaka mmoja aishiwe. Xong alikuwa na koo. Jang alikuwa na miaka ishirini, nyati mmoja na aibu nyingi. Alishuka kutoka kijijini kwao Wangdai ili Xong asitembee peke yake, na kama kulikuwa na sababu nyingine hakuitaja.

Niang naye alikuwa na koo, tena lenye pilipili. Aliposhika zamu yake hakumjibu Xong habari za maua na mwezi alizoimbiwa. Alimwimbia akamuuliza ule mzigo alioubeba mgongoni ni wa nini, mbona una miguu, je, ukituliwa chini husema, au ni wa kuuza hivyo hivyo ulivyo. Mto mzima ukacheka. Jang aliangalia viatu vyake mpaka wimbo ukaisha.

Jioni wasichana waligawa wali wao wa kunata, mwekundu, wa njano na wa buluu, umefungwa kwenye kitambaa na jibu ndani. Xong alifungua wake akakuta pilipili kavu. Jang alifungua wake akakuta vijiti viwili vya kulia chakula, vimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu. Kutoka mtoni hadi Wangdai ni mwendo wa saa nne kupanda mlima, na kwa saa zote nne Xong alisema jambo moja: kwamba yeye ndiye aliyeimba.

Walioana mwaka mpya uliofuata. Niang alikuja kwa miguu na wenzake, mwavuli juu ya kichwa, akapokewa, akalala chumba kimoja na wifi yake Ngi, asubuhi akaenda kisimani kuteka maji ili watu waone kwamba ana mgongo wa kazi. Siku ya tatu akarudi kwao. Hakuna aliyeshangaa. Mke mpya hukaa kwa mama yake mpaka tumbo lionekane. Kwa mumewe huja mara tatu kwa mwaka, kupanda, kuvuna na mwaka mpya, na haji hivi hivi; wifi yake humfuata akamchukua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni wa namna hii jembe humsubiri mlangoni.

Kwa hiyo Jang alimjua mkewe ndani ya maji. Majaruba ya Wangdai yameshikana na mlima kama ngazi, mengine hayatoshi hata kumgeuza nyati, na huko ndiko walikopanda miche bega kwa bega, wakirudi kinyumenyume. Niang alikuwa mwepesi kuliko yeye, na mdomo haukumzuia mkono. Alimsimulia nani kwao amegombana na nani, bei ya nili sokoni, na jinsi mama yake anavyomkaripia jogoo kwa jina la marehemu babake. Jang alisikiliza. Msimu mzima wa kwanza hakumaliza sentensi.

Msimu wa pili Niang alisimama, akanyoosha mgongo, akautazama mstari wake.

"Jang, miche yako inaelekea wapi? Imekwenda kumsalimia jirani?"

Jang aliuangalia mstari wake.

"Nyati alinisukuma."

"Nyati yuko zizini tangu asubuhi."

"Basi alinisukuma jana."

Niang alicheka mpaka akaketi majini na sketi yake. Jang hakupata kusahau kwamba ni yeye aliyeuleta mcheko ule. Tangu hapo, misimu ilipokwisha na Ngi kumsindikiza Niang kuteremka mlima, na samaki wa jaruba kwenye kikapu, Jang alikwenda kulikagua zizi, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Miaka mitano ikapita hivyo, tumbo halikuonekana.

Mwaka wa sita Ngi, ambaye naye aliolewa na alikuwa akikaa kwao kwa desturi hiyo hiyo, alipata mimba. Miguu ilimvimba kabla ya msimu wa kupanda, hakuweza kwenda Oulu; kisha akachukuliwa na watu wa mumewe, mwendo wa siku mbili. Kupanda kukapita bila Niang. Kuvuna kukapita. Mama yake Jang alikuwa na magoti mabovu, na wake za binamu zake walikatazwa na mama mkwe wao, Mama Lao, mke wa baba mdogo, mwanamke mwenye ulimi mrefu na jiko safi. Mama Lao hakuona haya kueleza. Mke asiyeletwa na mtoto ni kibarua wa msimu, alisema, na huyu anakula wali wa watu watatu. Waacheni mwaka upite. Mke asipochukuliwa mwaka mzima, pande zote mbili hujua mlango umefungwa. Hapahitajiki mzee wala maneno, kila mtu anatafuta kwingine.

Umebaki mwaka mpya tu. Usipochukua mke siku hiyo, humchukui tena.

Jang alivaa koti lake lililofuliwa. Akafunga mzega, upande mmoja keki za wali wa kutwangwa, upande mwingine bata wawili. Mama yake alimuuliza anakwenda na nani. Akasema peke yake. Mama akasema tangu azaliwe hajaona mwanamume anakwenda mwenyewe kumchukua mke. Na akifika, atasema nini? Jang akasema hajui. Alikuwa akisema kweli.

Pale kijiji cha Oulu kinapoanza, wasichana walikuwa wameweka benchi kuifunga njia, na juu yake bakuli za pombe ya mchele. Ndivyo wageni wa mwaka mpya wanavyopokewa: wenyeji wanaimba swali, mgeni anaimba jibu, ananyweshwa, anapita. Anayejua hunywa mikono ikiwa nyuma. Ukiigusa bakuli, umeikubali yote.

Walimtambua. Mmoja, mtoto wa mjomba wake Niang, alimuuliza shemeji, wifi yuko wapi. Amezaa. Na mama? Magoti. Wakatazamana.

"Kwa hiyo umekuja wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kuchukua mke?"

"Ndiyo."

Walicheka mpaka mapambo yao ya fedha yakalia. Kisha wakamwimbia swali lao, zuri, refu, na wakangoja. Jang alifungua kinywa, kikajifunga. Wakamletea bakuli mdomoni, na yeye akaishika kwa mikono yote miwili kama mtoto. Ikabidi aimalize. Wakaimba tena. Akaishika tena. Kufika ya nne, bata mmoja alikuwa amefungua kamba na anatembea chini ya benchi, na watoto wa kijiji wamekuja kutazama.

Ndipo Jang akaimba. Ulikuwa wimbo pekee aliowahi kuuimba kwa sauti, ule wa kumwita nyati ageuke mwisho wa jaruba: heee, geuka, heee, shuka, taratibu mzee, shuka. Aliuimba wote, na hauna maneno zaidi ya hayo.

Niang alikuwa ndani, akitwanga wali na mama yake. Aliijua sauti hiyo. Miaka mitano ameisikia kutoka jaruba la pili. Akatoka na wali kwenye viganja. Wenzake walimpisha, kwa sababu mahali pake palikuwa hapo, kati yao, nyuma ya benchi, na walitaka kusikia atamwimbia nini huyu mume wa ajabu. Aliwapita. Akamtazama Jang, uso mwekundu, koti limelowa pombe, mzega umeinama upande ulioachwa na bata. Akakusanya sketi yake, akavuka benchi, akasimama kando yake, akageuka akawakabili dada zake mwenyewe.

Aliimba kwa upande wa mgeni. Aliimba kwamba tumetoka Wangdai, tumepanda na kushuka, nyumba yetu inavuja pembe moja, mama yetu ana magoti, mwanamume wetu ni bubu lakini mpunga wetu una kichwa kizito. Tumekuja kumchukua mtu wetu, fungueni njia.  Kila wimbo wa benchi wasichana wanaujua, lakini hakuna uliotungwa kwa mtu aliyekuja kujichukua mwenyewe.

Mama yake Niang alikuwa amefika mlangoni na mchi mkononi.

"Umevuka?"

"Nimevuka, mama."

"Bila mtoto?"

"Mikono ninayo."

Mama akaingia ndani, watu wakadhani amechukia. Akatoka na kikapu cha uzi wa bintiye, kipande cha kutarizi ambacho hakijakwisha, na bonge la wali wa kutwangwa lililofungwa kwa majani.

"Chukua na huu," akasema. "Sitatwanga peke yangu kwa ajili ya watu wa Wangdai."

 Njiani, walipofika penye mawe, ndipo Niang alipomwambia Jang kwamba miaka mitano amepelekwa na kurudishwa kama jembe la kuazima, wifi anakuja, wifi anarudisha, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye anataka kulala wapi. Na huyu naye amekuja hadi benchini kuuliza, halafu hakuuliza.

Jang akatua mzega, wenye yule bata mtoro aliyerudishiwa na mama mkwe.

"Utakaa?"

"Mshike huyo bata, anakimbia tena."

Akakaa. Mama Lao alisema alichosema, na Niang alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba amfundishe namna anavyosugua jiko lake mpaka linang'aa vile. Baada ya mwezi mmoja Mama Lao alikuwa haingii sokoni bila yeye. Mtoto alikuja mwaka wa tisa, msichana, Yi, wakati kila mtu ameshaacha kumtarajia. Na mama yake Niang alipopanda mlima kumwona, alimbeba, akamgeuza, akasema haya, amechelewa lakini amefika amekamilika.

Nyumba ile ilikuwa na mazungumzo ya watu wawili, yote kwa mdomo mmoja. Sokoni Niang alipatana bei na Jang akatikisa kichwa. Muuza chumvi mmoja mgeni aliwahi kuuliza kama mzee huyu anaumwa.

"Haumwi," Niang akasema. "Anaweka akiba."

Yi alikua, akashuka kwenda Guangdong, pwani ya China, kushona viatu kiwandani, akaolewa huko na mtu wa Hunan ambaye hajui kuimba hata kidogo. Niang alisema kwa simu kwamba hilo halina neno, ni mambo ya ukoo. Alimtarizia mjukuu kitambaa cha kubebea mgongoni, miezi minane, vipepeo wekundu, na macho yalipoanza kumchoka alimwita Jang amtungie uzi sindanoni. Jang alitunga. Alikuwa na hamsini na kitu na vidole kama mizizi, lakini hakuna uzi alioushindwa.

Kifua kilimwanza Niang majira ya baridi. Kufikia mwezi wa pili hakuweza kufika kisimani, na daktari wa wilayani aliyempima mara mbili alisema sasa wakae naye nyumbani. Hakusema nyumbani wapi. Ndipo kaka zake wawili walipopanda kutoka Oulu, wamebeba kiti cha mianzi kilichotandikwa blanketi. Maneno yao yalikuwa ya upendo na yalikuwa na akili. Dada, Oulu kuna barabara, kuna joto, wake zetu watakupikia, utalala chumba kile kile ulicholala na dada yetu. Turudi kwetu.

Jang alisimama karibu na moto. Aliona wana haki. Aliona pia kwamba wakimbeba hatamwona akirudi. Akaangalia sufuria ya wali iliyokuwa ikitoa mvuke.

Niang aliwasikiliza kaka zake mpaka mwisho. Akakitazama kile kiti, akalipapasa blanketi, akalisifu kwamba ni zito. Kisha akajivuta, akaegemea ukuta wa mbao upande wake wa kitanda, akamtafuta Jang kwa macho. Jioni ile usingizi ulimchukua, na hakuamka tena. Kwa hiyo aliyomwambia pale, mbele ya ndugu zake wa tumbo moja, ndiyo Jang aliyobaki nayo.

"Jang, wape wageni wali wa moto. Njia yao ni ndefu."