Aliyeshindwa, Mwenye Fomu Mkobani

Jumamosi, katika mgahawa wetu pale Kings Heath, huku Uingereza, mimi ndiye niliyepiga meza. Dada yetu nesi alikuwa ameukosa udiwani kwa kura chache.

"Wametuibia!" nikafoka. "Twendeni kortini!"

Mwenyewe akaingia na sare ya kazi, akaagiza chai, akaketi.

"Kaka, aliyeshinda nimeshampigia simu nikampongeza. Wewe ulinipigia kura?"

"Mkenya atapigaje kura hapa? Si lazima uwe na paspoti ya Uingereza?"

Mama mmoja Mtanzania akaniunga mkono: "Ndivyo tujuavyo sote."

Dada akajishika kichwa, kisha akacheka. "Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi hapa anajiandikisha tu, Mkenya kwa Mtanzania! Nimegonga milango ya Waingereza mtaa mzima, nyinyi nikadhani mnajua. Kosa ni langu."

Akatoa fomu za kujiandikisha kupiga kura mkobani, akatugawia kabla chai haijapoa.

Wasomaji, nimewaona washindi wengi wakijigamba. Huyu alishindwa, nami nikajivunia kumwita dada. Fomu yangu niliijaza kwa herufi kubwa, nikaomba nyingine ya mke wangu, ambaye miaka yote nimekuwa nikimwambia kwamba kura za hapa hazimhusu.