Mshona Viatu wa Kano na Kiriba cha Babu

Saa nne asubuhi, mshona viatu mmoja wa Kano amebandika pua kwenye kioo cha makumbusho na anahesabu mishono. Mlinzi anamtazama kwa jicho baya. Yeye naye anamrudishia jicho baya zaidi.

"Baba, rudi nyuma."

"Na wewe usinisimamie mgongoni kama mwizi. Aliyeibiwa ni mimi!"

Soko zima la ngozi la Kofar Wambai linamwita Maigida, yaani mwenye nyumba. Ana miaka arobaini na nane. Mkono ukiwa mwepesi, hushona jozi sita za makubadhi kwa siku. Leo hajashona hata moja. Amefunga kibanda aje kuona maonyesho ya historia ya Hija, enzi ambazo watu walitoka hapa kwa miguu na kufika Makka baada ya miaka miwili, mitatu, wengine wasirudi.

Mteja ndiye aliyempa habari: kule kuna kiriba cha maji ambacho mishono yake imelalia kushoto.

"Nikasema, mh! Huyo ni babu. Alikuwa wa mkono wa kushoto."

Babu alikishona mwenyewe, akanywea maji njia nzima. Mwaka 1988, baada ya kufa kwake, watu wa makumbusho walipita wakikusanya vitu vya mahujaji. Walikichukua wakiahidi kuandika jina lake. Kisha kimya.

"Nilijua wamekiuza Ulaya. Watu wa karatasi siwaamini hata wakiniambia leo Jumanne."

Kibao chini ya kiriba kinasema: Mali ya Alhaji Maigida.

"Maigida gani? Mji huu kila chumba kina Maigida!"

Mke wa Kihausa hatamki jina la mumewe, humwita maigida. Mjukuu akirithi jina halisi la babu, bibi hamtaji naye. Anakuwa Maigida vilevile. Karani wa 1988, mgeni wa lugha, aliuliza jina, akajibiwa, akaandika.

Mhifadhi wa makumbusho, Bi Ebiere Tonye, mtu wa kusini, mgeni wa mila hizi, hakumwamini hata kidogo.

"Wewe ni wa nne wiki hii kudai kiriba hiki ni cha babu yake. Kilitolewa na mjane. Aje aseme jina kwa kinywa chake."

"Bibi yangu wa miaka tisini na moja umvue heshima mbele za watu?"

"Nataka jina. Bila jina, kibao hakibadiliki."

Alhamisi Maigida akamleta Bibi Tabawa. Bibi alikaa kitini, akakitazama kiriba.

"Kimekonda," akasema.

"Bibi, mumeo aliitwa nani?" Bi Ebiere akauliza.

"Maigida."

"Jina lake hasa?"

"Baba wa watoto."

"Bibi, tafadhali."

"Binti, wewe umeolewa kweli?"

Wageni wakaangua kicheko. Bi Ebiere hakucheka. Aliweka kalamu chini, akamkazia macho Maigida kana kwamba ndiye aliyemfundisha bibi majibu. Maigida akamwinamia bibi. Jina la babu lilikuwa linapotea mara ya pili, naye analiona.

"Bibi, liseme mara moja tu. Toba tutaomba nyumbani."

"Nimelitunza miaka sabini na mitano, nilitoe leo kwa ajili ya karatasi? Thubutu!" Akamgonga goti kwa mkongojo. "Wewe mume wangu mdogo, kile kikadi chako cha serikali unacho? Mpe. Ulidhani ulipewa jina la nani?"

Bi Ebiere alikisoma kitambulisho, kisha akafungua droo. Humo mlikuwa na kibali chakavu cha safari, alichokikuta ndani ya kiriba mwezi uliopita. Hakumwonyesha mtu. Ndio uliokuwa mtego wake wa kunasia waongo. Akaviweka viwili hivyo pamoja: jina lilikuwa moja. Uso wake ukalegea.

"Nisamehe, baba."

Kibao kipya kinawekwa Ijumaa hii. Maigida anapanga kushona kiriba cha pili, mishono ikilalia kulia, akitundike kando ya kile. Na atakuja kila Ijumaa kukagua.

"Bado siwaamini," anasema, lakini anafuta macho.

Alhamisi ile, kabla hawajaondoka, Bi Ebiere alilisoma jina kwa sauti ili ahakikishe tahajia.

"Barau."

Bibi Tabawa akavuta mtandio, akafunika uso kama bibi harusi.

"Polepole, mwanangu," akasema humo ndani. "Watu wanasikia."