Vile Mama Mapepo wa Shauri Moyo Alizuia Trela

Jina lake la ukweli ni Asenath Kweyu, lakini ukiuliza "Asenath" pale Shauri Moyo miaka ya tisini, watu walikuangalia kama askari wa kanju, wale wa baraza la jiji. Sema Mama Mapepo, hata mtoto wa nasari angekushika mkono akupeleke hadi mlangoni.

Jina alilipatia kanisani, tena mbele ya kwaya. Jumapili moja alfajiri alienda kuchukua mnyororo kwa dereva wa lori za masafa marefu kule Industrial Area. Angerudi nyumbani kwanza, angechelewa ibada. Angeubeba kwa gunia, polisi wangemuuliza ameutoa wapi. Akaona ni heri aufunge kiunoni, mita tatu za chuma, gauni juu, leso juu ya gauni, akaingia kanisani akitembea kama mjamzito wa miezi kumi na minne.

Siku hiyo kulikuwa na mhubiri mgeni, wale wa koti jeupe na kitambaa cha jasho. Jamaa amefunga macho, anaunguruma: "Minyororo ikatike! Nimesema ikatike!" Na hapo ndoano ya mnyororo ikateleza. Mnyororo wote ukashuka kwa simiti, kwaranga! Mhubiri mwenyewe aliruka. Alipotua akatangaza kwamba pepo limetoka na limeacha vyombo vyake nyuma. Kanisa likalipuka. Asenath aliokota vyombo vya pepo, akaviweka mapajani, akakaa tuli mpaka sadaka ikapita. Kufika jioni, jina lilikuwa limeenda soko la Burma na kurudi.

Sasa, mtu mzima anatafuta nini na mnyororo Jumapili? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alianza kwa kuuzia uji wale watu wa kuhamisha mitambo mizito, wale wanaobeba boila na jenereta za viwanda kama wewe unavyobeba friji, lakini bila kulia. Akagundua kila asubuhi wanapoteza saa mbili wakitafuta vyuma vya kufungia mzigo. Hasa bainda. Bainda ni chuma cha ndoano mbili na mkono mrefu: unaingiza ndoano kwa mnyororo, unavuta mkono, mnyororo unakaza mpaka mzigo unakuwa kitu kimoja na trela. Za dukani zilikuwa bei ya kukufanya uombe maji. Mama Mapepo akaanza kuzisaka kwa minada ya kampuni zilizofunga, kwa lori zilizovunjwa, kwa madereva wa Mombasa. Sufuria ya uji akamwachia dadake, Rispa.

Kitu kimoja alichokuwa nacho ambacho wenzake hawakuwa nacho ni ukali wa kukagua. Kila chuma alikiosha kwa mafuta ya taa, akakikwangua, akakigonga na nyundo akisikiliza. Akiona mahali pamechomelewa, hata kadogo namna gani, anakupa chuma chako na baraka zako. Fundi mmoja Mhindi alikuwa amemfundisha kwamba chuma cha aina hiyo hupikwa kiwandani kwa moto wa hesabu. Ukikichoma tena barabarani, kinaharibika ndani na huwezi kuona.

Mnaojua Gikomba mnajua shida iko wapi. Kwa fundi wa Gikomba hakuna kitu hakichomelewi. Mguu wa kitanda, mlango wa gari, sufuria, kama ungemwachia angechomelea hata ndoa yako. Na atakuambia bila aibu kwamba mahali alipogusa ni pagumu kuliko kiwandani.

Mwaka wa tisini na sita alipata kazi kubwa. Kontrakta anaitwa Gordon Obonyo alikuwa anapeleka boila ya tani kumi na nane Kitale. Alimwambia, "Mama, nitafutie bainda nane. Hii safari ikienda sawa, mwaka mzima nanunua kwako, kwingine siendi." Kwa Mama Mapepo hiyo ilimaanisha chumba chenye mlango kule mtaa wa Tena, na bango, na kutoka kwa jua. Alikuwa ashaanza kuuliza bei ya rangi ya bango.

Bainda nane akapata. Akampelekea Wekulo, fundi wa Gikomba, mtu wa kwao Bungoma, azipige mafuta na abadilishe pini. Hakuna kingine. Lakini wiki hiyo kulikuwa na matanga kwa jirani, naye alikuwa huko, na jioni ya Alhamisi pikapu ya Obonyo ikapitia kwa Wekulo moja kwa moja. Mara ya kwanza kwa miaka yote, mzigo ulitoka bila yeye kuugonga.

Ijumaa asubuhi akapita kushukuru.

"Mama Mapepo! Uliziona vile zinang'aa?"

"Sijaziona, Wekulo. Zinang'aaje na nilisema mafuta?"

"Nimepiga zote silva. Alafu mbili zilikuwa na ufa kwa ndoano, nikakuchomelea. Bure! Hiyo ni zawadi ya nyumbani."

Asenath alikaa chini juu ya debe. "Ni gani na gani?"

"Hapo sasa," Wekulo akasema kwa raha kabisa. "Hata mimi siwezi kujua."

Trela ilikuwa inatoka saa mbili. Alitoka Gikomba kwa miguu, akakata Shauri Moyo, akavuka Jogoo Road na reli, nyundo ndani ya kiondo. Alifika yadi ya Obonyo kule Industrial Area injini ikinguruma, boila imefungwa juu kama mgonjwa wa kichaa, na Griffins, nyapara wa wafungaji mizigo, ashaketi kando ya dereva. Akasimama mbele ya bampa.

"Mathe, toka hapo, unatafuta bima?" Griffins akapiga kelele.

"Zima gari. Bainda mbili ni mbovu."

Obonyo alitoka ofisini akitafuna mswaki. "Mbovu? Si wewe ndiye uliniuzia?"

"Ni mimi. Ndiyo maana nimekuja."

Vijana wakacheka. Akapanda trela na gauni lake, akaanza kukwangua rangi kwa kisu, ndoano baada ya ndoano. Ya tatu ilikuwa na alama ya moto. Ya saba pia. Zikafunguliwa. Obonyo akaziangalia, akaona chuma kinachopendeza, akaamua kufanya jaribio lake. Wakazungusha mnyororo kwa nguzo ya lango, wanaume wawili wakaning'inia kwa mkono wa bainda. Nguzo ikalia. Bainda ikashika. Ya pili pia ikashika.

"Umeona?" Obonyo akasema. "Pepo limehama."

"Hapa nguzo imesimama," Asenath akasema. "Njiani kule Kinungi trela itakuwa inaruka kwa mashimo, na boila inataka kushuka. Si kitu kimoja, baba."

"Mama, nina watu wa kreni wananingoja Kitale. Griffins, rudisheni hizo vitu tuondoke."

Akaingia ofisini kupiga simu. Asenath akasema, "Leteni, niwabebee." Akazichukua, moja kila mkono, kama mtu anayeenda kwa trela. Akaipita trela. Akafika kwa choo cha shimo kwenye kona ya yadi, akafungua mlango kwa goti.

Chubwi. Chubwi.

Akarudi akijipangusa mikono na leso.

Obonyo alitoka, akaambiwa, akaenda akachungulia shimo, akarudi. "Mama, umefanya nini?"

"Nimeziweka mahali hakuna mtu atazitoa."

"Unajua nimekuahidi mwaka mzima?"

"Najua. Nilishaanza kuuliza bei ya rangi."

Ilibidi gari litumwe mjini kununua mbili mpya. Trela iliondoka saa nane na nusu mchana. Obonyo alimwambia asikanyage hapo tena, na hakukanyaga.

Boila ilifika Kitale Jumapili, salama, hata boliti haikulegea. Kwa hivyo hakuna mtu hadi leo anaweza kusema zile bainda zingekatika au hazingekatika. Obonyo aliitumia hadithi hiyo kwa kila baa kama ushahidi kwamba mama ni mgonjwa. Chumba cha Tena kilichukuliwa na kinyozi. Wekulo aliendelea kusalimiwa vizuri, lakini kazi aliyopewa na Mama Mapepo kuanzia hapo ilikuwa kutengeneza jiko la makaa peke yake.

Miezi mitatu baadaye, Jumamosi, Griffins alikuja Shauri Moyo na gunia begani. Ndani kulikuwa na minyororo na bainda za Obonyo, zile za dukani.

"Mathe, tuangalizie hizi. Mzee hajui niko hapa."

"Kwani za dukani zina shida?"

"Sijui. Lakini si Mzee anayekaa ndani ya lori. Ni mimi."

Akazigonga zote, moja moja. Moja akaitenga. Griffins akamnunulia soda na mkate, akabeba gunia akaenda. Akawa anakuja kila mwisho wa mwezi, na baadaye wakaanza kuja wafungaji wa makontrakta wengine, kila mmoja akimficha bosi wake. Asenath alifanya hiyo kazi kwa stuli, nje, juani, mpaka mwaka wa elfu mbili na tatu magoti yakakataa. Bango hakuwahi kuweka.

Haya, nyinyi wa Eastlands, hapo chini kuna nafasi ya maoni. Nani kwenu alipoteza kazi kwa kukataa kitu ambacho kila mtu aliona kiko sawa? Mwageni hadithi, na jina alilobandikwa mtaani pia tunalitaka, msione haya. Na kama wewe ni wa familia ya Obonyo, karibu sana, mlete upande wenu. Tutasoma tukiwa na soda.